AFYA YA FAMILIA: Moyo Ukishatengenezwa, Tusizisahau Figo

Mgonjwa wa moyo anaporudi nyumbani kutoka Dar es Salaam akiwa amebadilishiwa vali, majirani humiminika kumpa pole na kumshukuru Mungu. Wanamwuliza kama kidonda kimepona, kama anapumua vizuri, kama anaweza kulala chali bila kukosa hewa. Hayo yote ni maswali mazuri. Lakini ni mara chache sana tunamsikia mtu akiuliza, "Mkojo unapata vizuri?"

Sisi tunaotembelea wagonjwa majumbani pamoja na akina mama wa kanisa, huku Masasi na kule juu Newala, tunaliuliza swali hilo mapema, kabla hata chai haijamiminwa. Wengine hucheka, wengine huona haya. Mwezi huu tunataka kueleza kwa nini tunauliza. Moyo hutengenezwa na mabingwa kwa saa chache, lakini figo za mgonjwa huyo hulindwa na familia yake, nyumbani, kwa miaka yote inayofuata.

VALI HUHARIBIKAJE?

Moyo una vyumba vinne na vali nne. Vali ni kama milango inayofunguka upande mmoja tu, ili damu iende mbele na isirudi nyuma. Hapa kwetu vali nyingi za vijana huharibiwa na homa ya baridi yabisi, ambayo wengine huiita rumatiki. Mtoto wa umri wa miaka 5 hadi 15 hupata maumivu ya koo yanayoletwa na vijidudu vinavyoitwa streptokoki. Baada ya wiki mbili au tatu viungo vinavimba na kuuma, na mwili, katika kupigana na vijidudu hivyo, unaushambulia na moyo wake wenyewe. Ugonjwa ukijirudia mara kadhaa vali hukakamaa na kupata makovu. Zingine hushindwa kufunguka, zingine hushindwa kufunga.

Miaka inapita. Msichana anaolewa, anabeba mimba, na hapo ndipo moyo unaposhindwa. Anachoka akipanda mlima na ndoo kichwani, anakohoa usiku, miguu inavimba.

Upasuaji si jambo geni kwa watu wa kwetu. Katika miaka ya 1930 daktari mpasuaji kutoka Uingereza, Leader Stirling, alifanya kazi katika hospitali ya misheni ya Lulindi, wilayani Masasi. Baadaye alikuja kuwa Waziri wa Afya wa Tanzania katika miaka ya 1970. Lakini upasuaji wa kuufungua moyo ulikuwa mbali nasi kwa miaka mingi, na wagonjwa walipelekwa nje ya nchi, hasa India. Mwaka 2008 upasuaji huo ulianza katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, na mwaka 2015 ikaanzishwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete hapo hapo Muhimbili. Ndiyo maana siku hizi hata katika vijiji vyetu utamkuta mama mwenye kovu refu katikati ya kifua, akipalilia shamba lake.

MOYO NA FIGO NI KAMA PAMPU NA CHUJIO

Figo ni mbili, kila moja ni kubwa kama ngumi, zimelala mgongoni chini ya mbavu. Ndani ya kila figo kuna machujio madogo sana yapatayo milioni moja. Mtu akiwa amepumzika, karibu sehemu moja kwa tano ya damu yote inayotoka moyoni hupelekwa kwenye figo. Kwa siku moja huchujwa takriban lita 180 za majimaji, na karibu yote hurudishwa mwilini. Lita moja na nusu hivi ndiyo hutoka kama mkojo, ikiwa na takataka, chumvi na maji yasiyohitajika.

Kwa hiyo pampu ikilegea, chujio hukosa damu ya kuchuja. Na moyo uliojaa husababisha damu irundikane katika mishipa inayotoka kwenye figo, nazo zikavimba na kufanya kazi kwa shida. Mgonjwa wa vali aliyechelewa kutibiwa mara nyingi huingia chumba cha upasuaji akiwa na figo zilizokwisha choka. Habari njema ni kwamba kwa wengi, vali ikishatengenezwa na damu ikaanza kwenda vizuri, figo nazo hupata nafuu, wakati mwingine kuliko zilivyokuwa kabla.

KWA NINI FIGO HUUMIA WAKATI WA UPASUAJI?

Ili mpasuaji aweze kushona vali, moyo lazima usimame. Kazi yake hufanywa na mashine ya moyo na mapafu. Daktari John Gibbon wa Marekani ndiye aliyeitumia kwa mafanikio kwa mara ya kwanza, mwaka 1953. Bila mashine hiyo maelfu ya watu wasingekuwa hai. Lakini figo huiona tofauti yake na moyo wenyewe.

Kwanza, damu inayosukumwa na mashine haina nguvu ile ile ya mapigo, na presha ikishuka figo hupata damu kidogo. Pili, chembe nyekundu za damu zinapopita katika mipira na pampu baadhi hupasuka, na rangi yake inapofika kwenye figo huyaumiza machujio na mifereji yake. Tatu, mwili huushtukia upasuaji wote kama ajali kubwa, na uvimbe wa ndani huzuka kila mahali. Nne, baadhi ya dawa zinazohitajika, kama jentamaisini, na dawa za rangi zinazopigwa kabla ya picha za mishipa, ni nzito kwa figo.

Tafiti za nchi nyingi zinaonyesha kwamba kati ya wagonjwa watano wanaopasuliwa moyo, mmoja au zaidi hupata jeraha la figo la kiwango fulani. Wengi wao hupona. Wachache, kati ya mmoja na watano katika kila mia, huhitaji kusafishwa damu kwa mashine. Mashine ya namna hiyo ilitengenezwa mara ya kwanza na daktari Willem Kolff huko Uholanzi mwaka 1943, wakati wa vita. Kusafishwa damu kwa siku chache baada ya upasuaji hakumaanishi kwamba figo zimekufa. Mara nyingi ni kuzipumzisha mpaka zizinduke. Tunalisema hili kwa sababu tumewaona ndugu wakilia na kukata tamaa walipoiona mashine hiyo kando ya kitanda.

SIKU ZA KWANZA WODINI

Mgonjwa akitoka chumba cha upasuaji huwa na mpira wa mkojo. Muuguzi huupima mkojo kila saa na kuuandika. Mama mwenye uzito wa kilo 50 anatakiwa atoe angalau mililita 25 kwa saa, yaani vijiko vitano vya chai. Ukipungua hapo kwa saa kadhaa mfululizo, daktari huitwa.

Kipimo cha pili ni cha damu, kinaitwa kreatinini. Hii ni takataka inayotokana na misuli, na figo nzima huitoa bila taabu. Figo zikilegea, kreatinini hupanda katika damu. Baada ya upasuaji wa moyo kwa kawaida hupanda katika siku mbili za kwanza, na kwa walio wengi hushuka tena ndani ya wiki moja au mbili.

Hapa tuna ombi kwa kila familia. Kabla ya kuondoka hospitali, ombeni muandikiwe namba ya kreatinini ya kabla ya upasuaji na ile ya siku ya kuruhusiwa. Mwanamke mwembamba, aliyekondeshwa na ugonjwa wa miaka mingi, ana misuli michache, hivyo kreatinini yake inaweza kuonekana ya kawaida kwenye karatasi hali figo zake zimepungua nguvu. Tena kreatinini huchelewa kupanda, kwani figo zinaweza kupoteza karibu nusu ya uwezo wake kabla namba haijabadilika sana. Kwa hiyo namba ya kulinganisha ni ya mgonjwa mwenyewe, si ya jirani. Karatasi hiyo itunzwe pamoja na kadi ya kliniki, ndani ya mfuko wa nailoni, isiliwe na mchwa wala kulowa.

Aliyepata jeraha la figo wodini apimwe tena baada ya miezi mitatu hata kama anajisikia mzima, kwa sababu figo iliyoumia mara moja huumia kwa urahisi mara ya pili.

DAWA ZA MAUMIVU: ADUI ALIYE DUKANI

Tumewahi kumhudumia mama mmoja wa upande wa Newala, mwenye miaka thelathini na kitu, aliyebadilishiwa vali Dar es Salaam. Baada ya upasuaji kreatinini yake ilipanda maradufu, kisha ikashuka. Alirudi nyumbani vizuri, akahudhuria kliniki miezi ya mwanzo. Ulipofika msimu wa korosho akaanza kwenda shambani kuokota. Kuinama kutwa nzima kukamletea maumivu ya kiuno. Akaenda duka la dawa, akapewa vidonge vya diklofenaki. Vikamsaidia. Akarudia wiki hiyo, na wiki iliyofuata.

Kisha akapata tumbo la kuhara kwa siku tatu. Hakuwa na hamu ya kunywa wala kula, lakini aliendelea kumeza dawa zake za kupunguza maji mwilini na za moyo kama alivyoandikiwa, kwa kuwa alikuwa mgonjwa mtiifu. Tulipomtembelea tulimkuta ameketi mkekani, uso umevimba, anasikia kichefuchefu. Tukauliza swali letu.

"Sista," akasema, "tangu jana asubuhi nimekwenda haja ndogo mara moja tu, nayo kidogo, nyeusi kama chai ya rangi."

Mama mkwe wake akashangaa. "Kumbe hilo nalo ni la kumwambia nesi? Sisi tulidhani ni joto."

Siku hiyo hiyo alipelekwa hospitali. Kreatinini ilikuwa imepanda mara nne ya ile iliyoandikwa kwenye karatasi yake ya Dar es Salaam. Diklofenaki ikasimamishwa, dawa zingine zikarekebishwa na daktari, akapewa maji ya mshipa kwa uangalifu, tone kwa tone, kwa sababu ya moyo wake. Baada ya wiki tatu namba ilishuka, ingawa haikurudi pale ilipokuwa. Mama huyo yu hai na anaendelea na kliniki. Lakini sehemu ya figo zake aliiacha katika msimu ule wa korosho.

Diklofenaki, ibuprofeni, indometasini na jamaa zake hubana mishipa midogo inayoleta damu kwenye figo. Kwa mtu mzima mwenye figo nzima, vidonge vya siku mbili tatu huenda visimdhuru. Kwa aliyepasuliwa moyo, anayemeza dawa za kukojoza pamoja na enalapili, kaptopili au losatani, ni hatari kubwa. Tena wengi waliowekewa vali ya chuma humeza warfarini ili damu isigande. Ukichanganya warfarini na diklofenaki unaweza kutokwa na damu tumboni. Na sindano ya diklofenaki takoni inaweza kuvujisha damu ndani ya msuli mpaka paja lote likawa jeusi.

Kwa maumivu ya kawaida tumia parasetamo kwa kipimo ulichoelekezwa, kanda kwa maji ya moto, na pumzika. Ukiingia duka la dawa, neno la kwanza liwe hili: "Nimefanyiwa upasuaji wa moyo. Natumia dawa ya kuzuia damu kuganda." Wafundishe na watoto wako kulisema, maana siku ukizidiwa wao ndio watakaotumwa dukani.

Kuhusu miti shamba, hatuwadharau wazee wetu. Lakini dawa isiyojulikana kipimo chake hatuwezi kuilinganisha na warfarini, na baadhi ya mizizi huumiza figo moja kwa moja. Aliyewekewa vali asinywe.

MAJI: YASIZIDI, YASIPUNGUE

Anayeijua Newala anajua thamani ya ndoo ya maji. Uwanda wa Makonde ni wa mchanga, mvua ikinyesha maji huzama chini sana, na kwa vizazi vingi mama zetu waliteremka bondeni kuyatafuta na kupanda nayo. Simama Shimo la Mungu, pale Newala, utazame bonde lilivyo chini, utaelewa ugumu wa safari hiyo. Tangu miaka ya 1950 kumekuwa na mradi wa kuyapandisha maji kwa pampu, na nyumba nyingi hukinga ya mvua, lakini kiangazi bado kina siku zake ngumu.

Basi hutokea mama mgonjwa akajinyima. Anawaachia watoto na wageni, yeye anakunywa kikombe kimoja asubuhi na kimoja jioni. Upande mwingine wapo walioambiwa kwamba maji husafisha figo, wakanywa mtungi mzima mpaka mapafu yakajaa. Kwa mgonjwa wa vali yote mawili ni mabaya.

Mwulize daktari wako kiasi chako hasa. Wengine huambiwa lita moja na nusu kwa siku, wengine zaidi, wengine pungufu. Ukishajua kiasi, tumia njia hii rahisi. Kila asubuhi jaza chupa zako kwa kiasi ulichoambiwa, ziweke mahali pake, na wote nyumbani wajue kwamba hayo ni maji ya mama. Chai, uji na mchuzi navyo huhesabiwa, hivyo ukinywa kikombe cha uji, punguza kikombe kwenye chupa. Jioni utaona mwenyewe kama umepungukiwa au umezidisha.

Jipime uzito mara kwa mara, ikiwezekana kila asubuhi baada ya kwenda haja ndogo na kabla ya kula. Kama huna mizani nyumbani, zahanati ya kijiji inayo. Ukiongezeka kilo mbili ndani ya siku tatu, hayo si mafuta, ni maji. Nenda hospitali. Ukipungua ghafla, huku ukisikia kizunguzungu unaposimama, maji yamepungua mno.

Ukipata kuhara au kutapika usingoje. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo na dawa zako zote mkononi, uulize ni zipi zisimamishwe mpaka tumbo litulie. Dawa za kukojoza na zile za presha tulizozitaja ndizo daktari huzifikiria kwanza. Usiiache warfarini kwa kujiamulia, kwa sababu damu ikiganda kwenye vali ni kifo cha ghafla.

CHAKULA

Chumvi huvuta maji na kuubebesha moyo mzigo. Punguza chumvi mezani, samaki wa chumvi, na magadi tunayotia kwenye kunde na kisamvu. Badala yake tia limau, vitunguu, nyanya na nazi kidogo.

Mboga za majani zisiachwe kwa hofu. Kisamvu, mchicha na matembele vina vitamini K inayopunguza nguvu ya warfarini, lakini daktari huweza kulinganisha dawa na chakula chako iwapo unakula kiasi kile kile wiki hadi wiki. Kinacholeta taabu ni kukaa mwezi bila mboga, kisha mvua zikinyesha unakula sufuria nzima kila siku.

Kama daktari amekuambia kwamba potasiamu imepanda katika damu, punguza maji ya dafu, ndizi na maharage mpaka akuruhusu, kwa kuwa potasiamu nyingi husimamisha moyo. Ambaye hakuambiwa hivyo asijinyime.

Pombe ya mabibo, uraka, na gongo ziepukwe kabisa. Huharibu mpangilio wa warfarini na hukausha mwili.

HOMA SI MALARIA TU

Katika wilaya zetu kila homa huitwa malaria. Aliyewekewa vali akipata homa apimwe malaria, ndiyo, lakini asiishie hapo. Vijidudu huweza kuingia katika damu kwa njia ya jino bovu, jipu au kidonda, vikakaa kwenye vali mpya. Kutoka hapo vipande vidogo husafiri mpaka kwenye figo, na mkojo ukawa na damu. Homa ikidumu, au ikirudi baada ya dawa ya malaria, damu ichukuliwe kuoteshwa vijidudu kabla ya kuanza sindano za antibiotiki. Na kabla ya kung'oa jino, mweleze daktari wa meno habari za vali yako, ili akupe dawa ya kinga.

Antibiotiki nazo zitolewe kwa uangalifu. Septrini na flajili huiongezea warfarini nguvu, na jentamaisini huhitaji kupimwa figo kwanza.

KWA DADA ZETU WANAOTAKA KUZAA

Hili ndilo hutuletea machozi zaidi. Binti amepona, ameolewa, na ukweni wanangoja mtoto. Tunawasihi waume na akina mama wakwe wawe na subira. Warfarini huweza kumlemaza mtoto tumboni, hasa katika miezi mitatu ya kwanza, na enalapili, kaptopili na losatani huharibu figo za mtoto aliye tumboni. Lakini kuziacha dawa ghafla huweza kumwua mama. Kwa hiyo mimba ipangwe pamoja na daktari wa moyo kabla haijatungwa, ili dawa zibadilishwe kwa utaratibu na figo zipimwe kama zitaweza kuubeba mzigo huo. Mpaka hapo, mtumie njia ya uzazi wa mpango mliyoshauriwa, maana vidonge vyenye estrojeni huongeza kuganda kwa damu.

DALILI ZA HATARI

Mpeleke mgonjwa hospitali siku hiyo hiyo ukiona mojawapo ya haya:

1. Mkojo umepungua sana au hautoki kabisa.
2. Mkojo una rangi ya damu, chai ya rangi au soda nyeusi. Huenda figo zinavuja damu, au warfarini imezidi, au vali inavuja na kupasua chembe za damu.
3. Uso, miguu au tumbo vimevimba.
4. Anakosa pumzi akilala chali.
5. Kichefuchefu, kwikwi zisizokoma, mwili kuwasha au kuchanganyikiwa.
6. Homa ya zaidi ya siku mbili.
7. Mdomo kupinda au mkono kufa ganzi ghafla.

MASWALI YA WASOMAJI

Swali: Nimepona kabisa, na kliniki ya moyo ni mbali, kilomita zipatazo 600 mpaka Dar es Salaam. Je, ni lazima niende?

Jibu: Mwulize daktari wako ni vipimo vipi unaweza kupima karibu. Kreatinini, mkojo na presha hupimwa katika hospitali nyingi za wilaya, na watu wa upande wetu hupata msaada Mkomaindo pale Masasi, hospitali ya Newala, na Ndanda. Majibu uyaandike kwenye daftari moja na uende nalo Dar es Salaam kwa tarehe ulizopewa. Fedha za korosho zikiingia kati ya Oktoba na Desemba, weka kando nauli ya mwaka mzima kabla ya kununua kitu kingine. Vikundi vya akina mama navyo vinaweza kumchangia mgonjwa nauli, kama tunavyochangiana msibani. Ni heri mchango huo utangulie.

Swali: Figo zangu zikishindwa kabisa, je, ndio mwisho?

Jibu: Hapana. Kusafishwa damu kwa mashine kunafanyika nchini, na tangu Novemba 2017 upandikizaji wa figo umefanyika Muhimbili. Lakini tiba hizo ni ghali na ngumu, na kwa mwenye vali ya bandia ni ngumu zaidi. Njia nyepesi ni kuzilinda hizi ulizo nazo.

Swali: Nifanye nini watoto wangu wasipate ugonjwa huu wa vali?

Jibu: Mtoto mwenye homa na koo linalouma sana apelekwe kituo cha afya, asitiliwe chumvi kooni na kuachwa. Penisilini, kwa vidonge au sindano, huwaua streptokoki na kuzuia homa ya baridi yabisi. Vijidudu hivyo hivyo, vikianzia kooni au kwenye vidonda vya ngozi, huweza pia kuziumiza figo za mtoto, akaamka asubuhi uso umevimba na mkojo mweusi. Aliyekwisha ugua homa hiyo apate sindano yake ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne kama alivyopangiwa, hata akiwa mzima, na hata baada ya upasuaji, mpaka daktari mwenyewe aseme basi.

Mpendwa msomaji, kama kwenu yupo aliyerudi na kovu kifuani, wiki hii mwulizeni mambo matatu: mkojo wako ukoje, uzito wako ni kilo ngapi, na ni dawa gani umemeza ambayo daktari hakukuandikia? Akiona haya, mwambieni sisi ndio tuliowatuma.

Hadi mwezi ujao, tunawatakia afya njema na amani nyumbani mwenu.